Umepangiwa wodi ya utengamao? Soma hii kabla hujaanza shifti

Hii nawaandikia manesi, watu wa fizio na wanafunzi wa fildi ambao wakipangiwa wodi ya utengamao, yani ile ya kumsaidia mgonjwa arudishe uwezo wa kujihudumia baada ya ugonjwa au ajali, wanaguna, eti huko ni kugeuza wagonjwa na kuwasafisha tu, hamna operesheni, hamna dharura, mgonjwa anakaa mpaka unazoeana nae kama ndugu. Mimi hii wodi naipenda kwa kweli, ila sitaki mtu aingie akidhani ni mteremko, kuna raha ambazo wodi nyingine huzipati na kuna siku unatoka getini hutaki hata kupokea simu. Nitaongea zaidi kuhusu wagonjwa wa kiharusi na walioumia uti wa mgongo maana ndo wanaojaza vitanda vyetu, na kidogo kuhusu waliokatwa mguu kwa kisukari au ajali ya bodaboda.

Jambo ambalo wengi wanachelewa kulielewa ni kwamba hapa mgonjwa anaandaliwa kwenda kuishi kwake. Akitembea vizuri kwenye sakafu ya tailizi ya hospitali halafu kwake kuna mchanga, kizingiti na choo cha kuchuchumaa, bado hujamaliza kazi. Kwahiyo kila unachomfundisha jiulize kule kwake kitafanyikaje, na uanze kujiuliza siku anayopokelewa, sio siku ya ruhusa.

Kabla hujamshika

Anza na salamu. Mzee wa makamo ya baba yako mpe shikamoo yake, mwite baba fulani au mama fulani kama anavyoitwa mtaani kwake, usimuite kitanda namba nne. Najua inaonekana kitu kidogo ila fikiria, huyu mtu mwezi uliopita alikuwa anaamua mambo ya familia nzima, leo anaogeshwa na binti wa umri wa mwanae, akiona unamheshimu atakusikiliza ukimwambia fanya zoezi hata linapouma, akiona humheshimu atakugeukia ukutani na utaandika kwenye faili "mgonjwa hana ushirikiano" kumbe tatizo liko kwako. Mwambie unachotaka kufanya, omba ruhusa, vuta pazia, afu ndo umfunue.

Baada ya hapo uliza maswali ya nyumbani. Unalala kitandani au godoro liko chini? Choo kiko ndani au nje, cha kukaa au cha kuchuchumaa? Maji mnachota wapi? Mlangoni kuna ngazi ngapi? Mchana nani anabaki na wewe? Majibu yaandike mahali ambapo kila mtu kwenye timu atayaona, maana bila hayo fizio atafanya yake, nesi atafanya yake, mtu wa tiba kwa vitendo, yule anayefundisha shughuli za kila siku kama kuvaa na kula, atafanya yake, na mgonjwa atatoka na mazoezi kibao asiyojua pa kuyapeleka.

Malengo ayaseme yeye

Ukimuuliza mgonjwa unataka nini atakujibu nataka kupona. Usiishie hapo. Muulize asubuhi ukiwa mzima unaanza na nini? Hapo ndo utasikia vitu vya kweli, mmoja atakwambia anataka kuswali bila kushikwa, mwingine kukaa dukani kwake, mama mwingine anataka aweze kusonga ugali hata akiwa amekaa. Hayo ndo malengo, na zoezi lolote utakalompa liunganishe na hilo neno lake.

Angalia hata ni mkono upi umepooza maana kwetu sisi mikono haina kazi sawa. Aliyepooza kulia ana shida ya kula na ya kusalimia, atakataa kula mbele za watu kwa sababu anaona aibu kupeleka kushoto mdomoni, sasa we ukidhani hana hamu ya chakula utamuandikia vitamini bure. Aliyepooza kushoto anakula vizuri tu ila kuchamba hawezi, na hatokwambia, atakachofanya ni kupunguza kula na kunywa ili asiende chooni mara kwa mara, matokeo yake choo kigumu na mkojo mchafu. Vitabu vingi vya fani yetu havina hiki kitu kwa sababu vimeandikwa na watu wasiochamba kwa maji. Wewe muulize kwa upole mkiwa wawili, mtafutie kopo lenye mkono mrefu au bomba, mfundishe kujiegemeza kwenye tako zima ili mkono uliobaki ufike.

"Nitatembea lini?"

Hili swali utaulizwa siku ya kwanza na utaulizwa mpaka na ndugu zake na mlinzi. Watu wanajibu kwa njia mbili na zote zinaumiza. Kuna anayesema "usijali mzee utatembea tu, Mungu mkubwa", na kuna anayesema kavu kavu "wewe basi tena, zoea". Wa kwanza anamfanya mgonjwa asubiri miguu badala ya kujifunza wilchea, na siku akigundua kwamba mlimpa moyo tu hatowaamini tena kwa lolote. Wa pili anamuua mtu akiwa hai.

Mimi nashauri ujibu unachokijua leo. Kwa kiharusi kuna dalili zinazosaidia, mgonjwa ambaye ndani ya siku 3 za mwanzo anaweza kukaa bila kushikiliwa na mguu uliopooza unacheza hata kidogo ana nafasi nzuri ya kutembea tena, na anayeweza kuinua bega kidogo na kunyoosha vidole kidogo mkono wake una matumaini makubwa kuliko ule uliolala kabisa. Kwa uti wa mgongo daktari anapima kwa ile skeli ya ASIA kuanzia A, hamna hisia wala nguvu kabisa, mpaka E, kila kitu kawaida, na hisia zikibakia sehemu ya haja kubwa hiyo ni habari njema maana yake njia haijakatika yote. Kama hujui, sema "leo sijajua baba, tutapima tena wiki ijayo nitakuonyesha", na wiki ijayo upime kweli. Halafu ongeza jambo ambalo anaweza kulishika wiki hiyohiyo, kwa mfano "ijumaa nataka ukae kitako kitandani dakika 10 bila kuegemea". Mtu anavumilia habari ngumu kama kuna kazi ya kufanya kesho.

Na pima kwa namba, usiseme "anaendelea vizuri". Kuna fomu ya kupima uwezo wa kujihudumia inaitwa Barthel ambayo imekuwepo tangu 1965, inatoka 0 mpaka 100 na inauliza vitu vya kawaida, kula, kuoga, kuvaa, choo, kuhama kitandani kwenda kwenye kiti. Unaijaza kwa dakika chache tu. Faida yake kubwa sio faili, faida ni kwamba mgonjwa anayelia kuwa hajapata nafuu yoyote unamuonyesha, mama ulikuja na 15, leo una 40, angalia hapa na hapa. Nimeona watu wakifuta machozi kwa hiyo karatasi.

Ngozi na mkojo ndo vinavyoua

Hapa naomba uniwie radhi nitakaa kidogo. Zamani mtu akivunjika uti wa mgongo alikuwa anakufa ndani ya miezi tu, na kilichokuwa kinamuua ni vidonda vya kulala na figo kuharibiwa na mkojo mchafu. Daktari Ludwig Guttmann alipofungua kitengo cha uti wa mgongo pale Stoke Mandeville Uingereza mwaka 1944 alisimamia kugeuzwa kwa wagonjwa kila masaa 2 usiku na mchana, akasimamia usafi wa kibofu, akawatoa kitandani wafanye kazi na michezo. Watu wakaanza kuishi. Tarehe 29 Julai 1948 akawapangia mashindano ya kulenga mishale, walioshiriki walikuwa 16, na huko ndo ilikotokea Paralimpiki. Kwahiyo dada yangu, kaka yangu, ukiamka saa nane usiku kugeuza mgonjwa usijione unafanya kazi ya chini, hiyo ndo tiba yenyewe.

Kugeuza ni kila masaa 2 akiwa kitandani. Akiwa kwenye wilchea ajinyanyue au ainamie pembeni kila dakika 15 mpaka 30, mfundishe ahusishe na kitu, kila wimbo ukiisha redioni anajiinua. Angalia mfupa wa chini ya kiuno, visigino, nyonga, makalio. Sasa vitabu vinasema tafuta wekundu, kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, ukisubiri wekundu utakutana na kidonda. Tumia mgongo wa kiganja, gusa, pakiwa pa moto kuliko pembeni, pagumu au pametepeta, panang'aa au pamekuwa peusi zaidi na panaelekea zambarau, hapo pasilaliwe tena mpaka parudi kawaida. Ndugu nao wafundishwe hivyohivyo, na mgonjwa apewe kioo ajiangalie mwenyewe.

Mpira wa mkojo usiachwe kwa uvivu wa kutoa. Kama timu imeamua mgonjwa ajitoe mkojo mwenyewe kwa vipindi, yani anaingiza mpira mdogo, mkojo ukitoka anautoa, ni kila masaa 4 mpaka 6, na kibofu kisizidi kama mililita 500, kwahiyo na maji ya kunywa yapangiwe ratiba, sio anywe jagi zima saa tatu usiku.

Dharura ipo, usidanganywe kwamba hamna

Mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo usawa wa kifua katikati kwenda juu, yani pingili ya sita ya kifua (T6) na juu yake, akilalamika kichwa kinapasuka, uso unatoka jasho, mapua yameziba, shika mashine ya presha haraka. Hawa presha yao ya kawaida iko chini, 90 hadi 110 ile ya juu, sasa ukikuta 140 usiseme mbona kawaida, kwake hiyo imepanda sana na inaweza kufika mahali pa kumpasua mshipa kichwani. Mkalishe wima, usimlaze. Legeza nguo, mkanda, soksi. Angalia mpira wa mkojo umejikunja au umeziba, kibofu kikijaa ndo sababu kubwa, kikitoka mkojo mara nyingi presha inashuka yenyewe. Kama sio mkojo inaweza kuwa choo kimejaa, kidonda, hata ukucha ulioingia nyamani. Presha pima kila dakika chache na daktari aitwe wakati huohuo unaendelea kutafuta sababu. Wodi nyingi hawajui hii kitu, mfundishe mgonjwa na ndugu zake waijue, wakipelekwa zahanati wao ndo watamwambia mhudumu.

Nyingine ni kumeza. Mgonjwa mpya wa kiharusi asipewe uji wala maji mpaka apimwe kumeza, hata kama ndugu wamekuja na chupa ya chai na wanakuangalia kwa huruma. Akianza kula, akae wima kabisa, kijiko kidogo kidogo, abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Ukisikia sauti imekuwa kama ana maji kooni, simamisha.

Kuhamisha mgonjwa bila kuumia wewe

Wenzetu wengi wanaacha hii kazi kwa sababu ya mgongo. Funga breki za wilchea kwanza, toa vile vya kuwekea miguu, kiti kikae upande wenye nguvu. Miguu yake iwe chini imekanyaga, wewe kunja magoti kidogo, zuia goti lake dhaifu kwa goti lako, mvute kutoka nyongani au kwenye mkanda, kamwe usimvute kwa mkono uliopooza wala kumuingiza mikono kwapani ukambeba hivyo, bega la mgonjwa wa kiharusi linaning'inia kwenye misuli isiyofanya kazi, ukilivuta mara moja atakuwa na maumivu ya miezi. Hesabuni pamoja moja mbili tatu ili nae asukume. Mzito asiye na nguvu kabisa, ita mwenzako, hata kama itabidi asubiri. Na aliyelala muda mrefu usimsimamishe ghafla, mkalishe kwanza, pima presha, ya juu ikishuka kwa 20 mrudishe taratibu.

Ya mguu uliokatwa nitapita haraka, mto chini ya goti hapana hata kama anaomba maana goti litakunja libaki hivyo na mguu wa bandia hautovalika, alale kifudifudi kila siku kama anaweza, bandeji ifungwe kwa kuizungusha kama umbo la namba nane. Akisema vidole ambavyo havipo vinamuuma usicheke wala usimpeleke kwa mambo ya mashetani, ni maumivu ya kweli na yana dawa na mazoezi yake. Viungo bandia tunashukuru vinatengenezwa hapahapa, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna chuo cha TATCOT kimefundisha mafundi wa viungo bandia wa nchi nyingi za Afrika, kwahiyo mpe mgonjwa rufaa mapema asikate tamaa.

Ndugu wa mgonjwa

Ndugu ndo wafanyakazi wenzako wa kweli, kama wapo. Usiwafukuze wakati wa mazoezi, waite waone. Ukishawafundisha usiulize "mmeelewa?", watasema ndiyo kwa adabu tu. Sema "dada hebu nionyeshe utakavyomgeuza", akikosea rudia, akipatia rudia tena kesho yake.

Kuna mambo mawili yatakusumbua. La kwanza kukanda kwa maji ya moto. Mguu usio na hisia hauwezi kusema basi inatosha, watu wanaungua mpaka nyama, na aliyekanda ni mama mzazi kwa mapenzi yote. Usimgombeze. Mwambie akande kwa mafuta na mikono, na maji akitaka ayapime kwa kiwiko chake mwenyewe yawe vuguvugu. La pili ni kuambiwa amerogwa, amepigwa upepo, na kwamba wanataka kumtoa wampeleke kwa mtaalamu. Mimi sibishani na imani ya mtu, nasema sawa mama, dua na maombi yaendelee, ila presha yake ni 190 na hizi dawa za presha asiache hata siku moja, na asikose kugeuzwa njiani. Ukibishana atatoroshwa usiku na hutomuona tena. Ukikaa nae vizuri, hata akienda atarudi.

Siku ngumu

Zipo nyingi. Kijana wa miaka 20 aliyeanguka kwenye mti wa korosho anakuuliza kama ataweza kuoa. Mke aliyekuwa analala chini ya kitanda kila siku ghafla haji tena. Mgonjwa uliyemkalisha, ukamsimamisha, anaondoka kabla ya wakati kwa sababu hela ya bili imeisha, anarudi na kidonda kinachoingia ngumi. Hiyo ya mwisho ndo inayoniumiza kuliko zote kwa sababu kazi ya wengi inaoza na kila mtu anajua ingezuilika.

La kijana usilikwepe, wengi wanaona aibu wanabadilisha mada, mwambie wanaume wengi wenye hali kama yake wana ndoa na kuna msaada wa kitabibu, afu muunganishe na daktari na kama yupo mtu mwenye wilchea mwenye familia mkutanishe nae, maneno yake yatafika pale ambapo yako hayafiki. La hela, mpeleke ofisi ya ustawi wa jamii wiki ya kwanza, sio bili ikishafika mamilioni. Na mgonjwa anayekataa mazoezi, anayelala tu, usikimbilie kusema mvivu, karibu mmoja kati ya watatu wa kiharusi anapata sonona, hiyo inatibika, mwambie daktari.

Kwa upande wako, usibebe peke yako. Kama wodi yenu haina kikao cha wiki cha timu nzima, kianzisheni hata cha nusu saa mkiwa mmesimama, kila mgonjwa aongelewe na nyumbani kwake kuongelewe. Ukiumia na kifo au na mgonjwa aliyetoroshwa, liseme hapo. Likizo chukua, usiiuze.

Raha yake

Ni mama aliyefunga vifungo vya gauni lake akakuita uone. Ni wagonjwa wa kitanda jirani wanaopiga vigelegele mtu akisimama mara ya kwanza kwenye vyuma vya kujifunzia kutembea. Ni mzee wa wilchea anayemfundisha mgeni kuruka kizingiti kabla fizio hajafika. Na ni yule anayerudi kliniki na magongo, anapita wodini kwanza kuwasalimia, anaingia na ndizi. Hizi siku ziwekeeni picha kwa ruhusa yao, wanaokuja nyuma wanahitaji kuziona.

Kumruhusu

Wiki moja kabla, mwambie ndugu apime milango kwa futi kamba, wilchea nyingi zina upana wa sentimita 60 mpaka 70 kwahiyo mlango uwe na 80 na kuendelea, na muone na kona ya korido. Njia ya mteremko kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za urefu, ngazi ya sentimita 15 ni mita moja na sentimita 80, udongo ulioshindiliwa na simenti kidogo unatosha. Choo cha kuchuchumaa fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu kikakaa juu ya shimo, mpe vipimo vya mgonjwa, kimo cha nyuma ya goti mpaka chini, na kiwe na sehemu za kushika pande zote mbili na miguu mipana isiyumbe. Wilchea yenyewe imtoshe na iwe na mto, ile ya msaada iliyo pana kama kochi itampa kidonda na kumpinda mgongo. Kurudi kliniki bajaji ni bora kuliko bodaboda, anaingia makalio kwanza ndo miguu.

Mpe karatasi moja ya Kiswahili yenye dawa, ratiba ya kugeuka, ya mkojo, mazoezi matatu tu na namba ya simu ya wodi. Matatu, ukimpa kumi hafanyi hata moja. Halafu baada ya wiki piga simu, na ukipiga usiulize "anaendeleaje" maana utajibiwa salama. Uliza leo kalala upande gani mara ya mwisho, makalio yamekaguliwa lini, mkojo una rangi gani, dawa za presha zimebaki ngapi, jana alitoka nje ya nyumba au hakutoka. Jibu la lolote kati ya hayo likikutia wasiwasi, mpangie arudi wiki hiyohiyo usisubiri tarehe ya kliniki.